Yaliyoikuta .eu na Wanaoikimbilia .africa

Ijumaa ya tarehe 7 Aprili 2006, ilipotimu saa tano kamili asubuhi mjini Brussels, dirisha la .eu lilifunguliwa kwa umma. Kuanzia dakika ile, mkazi yeyote wa Umoja wa Ulaya na kampuni yoyote yenye makao humo wangeweza kujipatia jina la intaneti lenye kiishio cha umoja wao. Wajerumani walikuwa na .de, Wafaransa .fr, Waingereza .uk, na .com ilikuwa ya kila mtu. Sasa wote hao kwa pamoja walikuwa na chao. Saa moja haikwisha, majina karibu 300,000 yalikuwa yameshachukuliwa. Baada ya saa nne yalipita 700,000. Kufikia Agosti mwaka uleule yalitimia milioni mbili.

Mwenye kuangalia hesabu hizo peke yake angesema hapa pana mali. Wengi walisema hivyo, wakaingia kwa pupa. Kilichofuata ndicho kisa ninachotaka kukisimulia, kwa sababu Afrika nayo ina kiishio chake, .africa, na kwa sababu ICANN, shirika lenye makao Marekani linaloratibu majina ya intaneti duniani, lilipanga kufungua tena dirisha la maombi ya viishio vipya Aprili 2026, kwa ada ya dola 227,000 kwa ombi moja. Vijana wetu wanaojifunza biashara za mtandaoni hawakosi mtu wa kuwanong'oneza: nunua majina mapema, yakalie, siku moja kampuni kubwa itakuja na hundi. Kabla hawajaitoa akiba yao, inafaa wajue waliotangulia waliishia wapi.

Foleni ile ya Aprili ilipangwa kwa nia njema. EURid, shirika lisilolenga faida lililokabidhiwa na Kamisheni ya Ulaya kazi ya kutunza daftari la .eu, halikumuuzia mwananchi jina moja kwa moja. Jina lilipitia kwa msajili, yaani kampuni iliyoidhinishwa kupokea maombi ya wateja na kuyafikisha kwenye daftari. Ili mkubwa asimmeze mdogo, kila msajili alipewa zamu sawa na mwenzake, na aliyewahi ndiye aliyepata. Kwenye karatasi hiyo ni haki tupu. Ila zamu zilihesabiwa kwa kampuni. Mwenye kampuni moja ya usajili alikuwa na zamu moja, na aliyeandikisha kampuni mia alikuwa na zamu mia.

Mwanya huo haukukaa muda mrefu bila wa kuupita. Zikaundwa kampuni za usajili ambazo hazikuwa na ofisi ya maana wala mteja wa kweli, wala kazi nyingine duniani ila kusimama kwenye foleni na kuchota majina kwa niaba ya mwenyewe aliye nyuma yao. Bob Parsons, mwanzilishi wa GoDaddy, kampuni kubwa ya usajili ya Marekani, alipiga kelele hadharani kwamba foleni imeporwa na wasajili hewa. Mwezi Julai EURid yenyewe ikachukua hatua: ikasimamisha majina 74,000 na kuwashtaki wasajili 400 kwa kuvunja mkataba, kwa madai kwamba walikuwa wakijilimbikizia majina badala ya kuwahudumia wateja. Wasajili mia nne si kosa la mtu mmoja aliyepitiwa. Ni mpango. Na fedha iliyohitajika kuufanya haikuwa kubwa sana, kwa kuwa bei ya jumla ya jina moja ilikuwa euro 10. Mwenye euro laki moja aliweza kukalia majina elfu kumi, kisha akangoja.

Walanguzi werevu zaidi hawakuingoja hata hiyo Aprili. Kabla ya dirisha la umma, EURid ilikuwa imetenga miezi minne, kuanzia tarehe 7 Desemba 2005, kwa ajili ya watu wenye haki ya awali: kwanza taasisi za umma na wenye alama za biashara zilizosajiliwa, baadaye wenye haki nyingine kama majina ya kampuni. Nia ilikuwa kumlinda mwenye jina asije akakuta limeshabebwa. Hapo ndipo ikatokea kampuni moja na alama ambayo ukiiona mara ya kwanza utadhani mashine ya kuchapia imeharibika:

&R&E&I&F&E&N&

Reifen kwa Kijerumani ni matairi. Ni neno la kawaida kabisa, la kila gereji, na ndiyo sababu lilikuwa na thamani: anayetafuta matairi huandika matairi. Kwa sababu hiyohiyo mtu hawezi kulisajili kama alama yake ya kuuzia matairi, maana angewanyang'anya wauzaji wengine wote lugha yao. Kampuni ile ilikwenda Sweden Agosti 2005 ikaomba alama hiyo yenye vialama vya & kila upande wa kila herufi, tena kwa bidhaa nyingine kabisa: mikanda ya usalama ya magari. Haikukusudia kuuza mikanda. Ilichokilenga ni kifungu kimoja cha kanuni za .eu, kilichosema kwamba alama za maandishi zisizoweza kuingia kwenye jina la intaneti, kama &, zinaweza kuondolewa, au kubadilishwa kuwa kistari, au kuandikwa kwa neno. Kampuni ikachagua kuziondoa. Ukizitoa zote, kinachobaki ni reifen. Tarehe 7 Desemba, siku ya kwanza ya wenye haki ya awali, ikaliomba jina la matairi, na ikalipata.

Ilifanya vivyo hivyo Sweden kwa maneno 33 ya kawaida, na majina ya .eu ya maneno ya kawaida iliyoyaomba kwa jumla yalifika 180. Lakini hilo la matairi lilimkera mtu mwingine aliyekuwa na alama ya Reifen nchi za Benelux (Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg) kwa ajili ya bidhaa za kusafishia vioo, naye akalalamika. Julai 2006 mahakama ya usuluhishi ya Prague, iliyopewa kazi ya kuamua migogoro ya .eu, ikaipokonya kampuni ile jina. Kampuni ikafungua kesi Austria. Kesi ikapanda ngazi hadi mahakama ya juu ya nchi hiyo, ambayo ikawauliza majaji wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg. Tarehe 3 Juni 2010 majaji hao wakatoa jibu. Wakasema jaji anayetafuta nia mbaya asiishie kwenye orodha ya mifano iliyomo kwenye kanuni. Atazame mambo yote yaliyozunguka tendo, yakiwemo kusajili alama ambayo mtu hana nia ya kuitumia, kuiandika kwa namna isiyo ya kawaida na isiyo na maana, kusajili alama nyingi za aina hiyo, na kufanya yote hayo muda mfupi kabla dirisha halijafunguliwa.

Tangu jina lichukuliwe hadi jibu hilo litoke ilipita miaka minne na nusu. Kampuni ilisema ilikusudia kujenga tovuti kubwa ya biashara ya matairi. Haikufanya maandalizi ya maana, kwa kuwa kesi ilikuwa bado inaendelea. Nimekisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu watu hawa hawakuwa wajinga. Walisoma kanuni kuliko waliozitunga. Walilipa ada na wanasheria, na walitangulia mbele ya bara zima. Lakini muda wote ambao akili hiyo ingetumika kuwatafuta wauza matairi wa Vienna na Munich ulikwenda kortini.

Madhara kwa mtu wa kawaida yalikuwa ya kimya zaidi. Aliyefika Juni au Julai 2006 akitaka jina la duka lake alilikuta limechukuliwa na mtu asiyemjua, na akilifungua anakuta ukurasa wa matangazo tu. Aliyezoea kukutana na kurasa hizo akaacha kuandika .eu, na mwenye duka akimwona mteja hapiti huko naye akaacha kwenda. Kila aliyewahi kutafuta kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam anaujua mtaa wa namna hii: kwenye ramani kila kipande kina mwenyewe, lakini ukifika ni nyasi, nguzo za mipaka na kibao kinachosema ENEO HILI HALIUZWI, OGOPA MATAPELI. Daladala haiji na duka la dawa halifunguliwi, kwa sababu watu hawapo. Na bei ya kiwanja ambayo mwenyewe anaisubiri ipande haipandi vile alivyotarajia, kwa kuwa kinachopandisha bei ni hao watu ambao yeye na wenzake wamewazuia wasije.

Leo .eu ina majina zaidi kidogo ya milioni tatu na nusu. Si haba, ni miongoni mwa viishio vikubwa duniani. Lakini itazame .de ya Ujerumani peke yake: ina zaidi ya milioni 17. Umoja wenye watu wapatao milioni 450 una majina ambayo ni kama sehemu moja ya tano ya majina ya nchi moja iliyomo ndani yake. Ulanguzi wa mwanzo hauelezi pengo lote hilo, na nisingependa msomaji aondoke akidhani hivyo. Kuna jambo la ndani zaidi. Mteja wa Ujerumani anapoona .de anajua duka liko kwao, anajua lugha atakayojibiwa, anajua sheria itakayomlinda bidhaa ikija mbovu. Akiona .eu, hajui kama aliyeko upande wa pili yuko Hamburg au Sofia. Watu wa kanda moja wanaweza kupendana sana na bado wakanunua kwa jirani. Kiishio cha kanda kinamfaa yule ambaye biashara yake yenyewe inavuka mipaka: msafirishaji wa mizigo, chama chenye wanachama nchi kumi, shirika la utafiti, kampuni inayouza kila mahali kwa bei moja. Hao wapo, ni wa kweli, na ndio waliokibeba kiishio cha .eu mpaka leo. Ila ni sehemu tu ya soko, na anayekokotoa soko kwa kuhesabu idadi ya watu wa bara zima anajidanganya tangu mstari wa kwanza wa mahesabu yake.

Homa haikuwa ya Ulaya tu. Mwaka huohuo wa 2006, kiishio cha .mobi kilipoingia kwa ajili ya tovuti za simu za mkononi, jina flowers.mobi, la maua, liliuzwa kwenye mnada Marekani kwa dola 200,000. Mwaka uliofuata iPhone ikatoka, simu zikaanza kufungua tovuti za kawaida, na haja ya kiishio maalumu cha simu ikayeyuka. Jina lile baadaye liliuzwa tena kwa chini ya dola 10,000.

Turudi Ulaya, maana .eu ilikuwa bado na somo jingine, na hili halikumhusu mlanguzi. Liliwahusu watu waliofanya kila kitu kwa haki.

Haki ya kuwa na jina la .eu ilitokana na kuwa mkazi au kampuni ya Umoja wa Ulaya. Waingereza walikuwa miongoni mwa wateja wakubwa. Mwanzoni mwa 2018 walikuwa na majina zaidi ya 300,000. Lakini Juni 2016 walikuwa wamekwisha kupiga kura ya kujitoa katika umoja huo, na kipindi cha mpito kilimalizika tarehe 31 Desemba 2020. Ilipoingia Januari Mosi 2021, majina yapatayo 80,000 yaliyobaki mikononi mwa watu na kampuni za Uingereza yalisimamishwa kwa mpigo. Mwaka mmoja baadaye yakarudishwa sokoni, yeyote mwenye sifa ayachukue. Hata kundi la Leave.EU, lililofanya kampeni ya kujitoa, lilibidi lihamishie usajili wa jina lake Ireland.

Fikiria maana yake kwa mwenye kiwanda kidogo cha Leeds au Bristol. Jina liko kwenye maboksi, kwenye magari, kwenye kadi za wateja wa miaka kumi na tatu au kumi na minne. Barua pepe zote zinaishia na .eu. Hakudaiwa ada, hakuvunja kanuni hata moja. Alipoteza jina kwa sababu nchi yake ilibadilisha uhusiano wake na kanda ambayo jina lake lilitundikwa juu yake. Wenye uraia wa nchi za umoja walioishi Uingereza waliruhusiwa kubaki na majina yao, kwa kuwa sheria ilikuwa imerekebishwa mwaka 2019 kuwatambua raia popote walipo. Wengine wote walihama au waliondolewa.

Kwa hiyo mtu anapokuja na kiishio kipya cha kanda na kusema soko lake ni watu milioni mia kadhaa, mimi ningetaka kusikia kwanza nani ana mamlaka ya kuliondoa jina langu, na kwa sababu zipi.

Kwa .africa jibu la swali hilo ni la afadhali. Haidai uwe mkazi wa nchi fulani. Mtu yeyote mwenye shughuli na bara hili anaweza kusajili. Hakuna nchi ya Afrika ambayo ikigombana na jirani zake wafanyabiashara wake watapokonywa majina kwa sababu hiyo. Wakati wa uzinduzi serikali zilipewa nafasi ya kuhifadhi majina yao, na wenye alama za biashara wakapewa muda wao kabla ya umma. Kwa upande huu waliojenga .africa walisikiliza yaliyotokea Ulaya.

Ila .africa ilipata jeraha lake mapema, nalo lilikuwa la muda. Mwaka 2012 maombi mawili yalifika ICANN, kila moja na ada yake ya dola 185,000. Moja lilikuwa la ZACR ya Afrika Kusini, likiungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. La pili lilikuwa la DotConnectAfrica, taasisi iliyoongozwa na Sophia Bekele, mzaliwa wa Ethiopia, iliyofanya shughuli zake kutoka Nairobi na iliyokuwa imelipigia debe wazo hilo kwa miaka. Kanuni ilidai ombi la jina la kanda liungwe mkono na angalau asilimia 60 ya serikali za kanda hiyo. Juni 2013 ICANN ikalisimamisha ombi la DotConnectAfrica. Bekele hakukubali. Akaomba jopo huru lipitie uamuzi huo, na Julai 2015 jopo likasema kwamba bodi ya ICANN ilikwenda kinyume na katiba na kanuni zake yenyewe. Kesi ikahamia mahakama za Los Angeles. Aprili 2016 jaji wa shirikisho akazuia .africa isitolewe kwanza. Februari 2017 mahakama ya jimbo ikakataa ombi la zuio, na ICANN ikaikabidhi ZACR kiishio. Machi mwaka huo kikazinduliwa Addis Ababa, na umma ukafunguliwa mlango Julai. Mwaka 2019 mahakama ikaipa ushindi ICANN, na rufaa ikakataliwa 2021.

Sina nia ya kuifufua kesi hiyo wala kuamua nani alikuwa na haki. Ninachokitazama ni kalenda. Miaka mitano ilipita kati ya maombi na mlango kufunguliwa, na katika miaka hiyo mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki hakukaa akisubiri. Muuza vitenge wa Kariakoo, mshonaji wa Kampala, mwenye duka la viatu Nairobi waliingia Facebook, kisha Instagram, wakapokea oda kwa WhatsApp na malipo kwa simu. Januari 2018, miezi sita tu baada ya umma kuanza kununua .africa, ikatoka WhatsApp Business, yenye majibu ya moja kwa moja, bila gharama. Mshindani mkubwa wa .africa tangu hapo hajawa .com wala .co.tz wala .co.ke. Ni namba ya simu. Yeyote anayeandika mpango wa biashara wa kiishio cha kanda yetu bila kuiweka namba ya simu katikati ya ukurasa bado hajatoka nje ya ofisi.

Kuna mtego mwingine, na huu uko Afrika yenyewe. Gabon ina kiishio chake cha taifa, .ga. Kwa miaka kilikuwa kinaendeshwa na kampuni ya Uholanzi, Freenom, iliyotoa majina bure: unajaza fomu, unapata jina, hulipi. Kampuni hiyo ilivishika kwa mtindo huohuo .ml ya Mali na .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Jina la bure likiisha muda au likifutwa, kampuni ililirudisha kwake na kuliwekea matangazo. Kwa kuhesabu vichwa, .ga ilikuwa miongoni mwa viishio vikubwa barani. Mwaka 2023 Gabon ikachukua daftari lake mwenyewe, na katika kuhama huko majina yapatayo milioni saba yakafutwa. Nchi yenyewe ina watu kama milioni mbili na nusu. Mengi ya majina yale ya bure duniani yalikuwa yametumiwa na matapeli wa mtandaoni kutengeneza kurasa za uongo za benki, na ndiyo maana Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, ilikuwa imekwisha kuishtaki Freenom Marekani. Mgabon mwaminifu aliyetaka kuuza bidhaa kwa jina la nchi yake alikuta barua pepe zake zinatupwa kwenye taka na mifumo ya kuchuja ya watu wengine, kwa dhambi za majina ambayo hakuwahi kuyaona.

Hiyo ilikuwa idadi kubwa kuliko ambayo .africa ingeweza kuiota, na thamani yake kwa wananchi ilikuwa karibu na sifuri. Nikisikia tena mtu akitaja idadi ya majina yaliyosajiliwa kama kipimo cha soko, nitamwomba anionyeshe mangapi kati ya hayo yana mtu wa kupokea simu.

Je, hakuna faida? Ipo, na ningekuwa nadanganya kusema hakuna. Kampuni ya Mombasa inayosafirisha mizigo hadi Bujumbura na Lubumbashi inanufaika na .africa, kwa sababu wateja wake hawako Kenya peke yao na hakuna kiishio cha taifa kinachowabeba wote. Vivyo hivyo kongamano la madaktari wa bara, benki yenye matawi nchi sita, mchapishaji wa vitabu vya Kiswahili anayetaka kuuza Dar es Salaam, Nairobi na Goma kwa tovuti moja. Hawa wanunue, na wanunue jina moja au mawili wanayoyatumia, si arobaini ya kuweka kabatini. Mwenye saluni Sinza ana sababu nzuri zaidi ya kuwa na .co.tz, au kuwa na namba ya WhatsApp inayojibiwa, na asidharauliwe kwa hilo.

Nao wanaoandaa maombi kwa dirisha jipya la ICANN, wawe ni wa kanda ya Maziwa Makuu, wa pwani, au wa jiji, wanapaswa kuwaeleza wanaowachangia kitu ambacho hakimo kwenye ada ya dola 227,000: mashine na wataalamu wa kuendesha daftari usiku na mchana, watu wa kushughulikia malalamiko ya utapeli, kanuni za foleni ambazo zimejaribiwa na mtu anayetaka kuzivunja, na fedha za kukaa miaka kadhaa bila faida. Bei nayo ipangwe isiwe ya kutupa. Jina la bei ya pipi huvuta matapeli kabla halijamvuta mwenye duka.

Kwa mnunuzi mdogo hatari iliyo karibu zaidi haipo Brussels wala Los Angeles. Mara nyingi biashara zetu husajiliwa jina na fundi aliyetengeneza tovuti, kwa akaunti yake, kwa barua pepe yake, kwa kadi yake ya benki. Mwaka unapoisha, taarifa ya kulipia tena inakwenda kwenye barua pepe hiyo. Fundi amehamia kazi nyingine, au mmegombana, au hafungui tena anwani ile. Jina linaisha muda, linapitiwa na kipindi cha rehema, kisha linaachiwa, na wako watu wenye programu zinazovizia majina yanayoachiwa ili wayadake sekunde ileile. Kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho ya pesa zake, mwambie mfungue pamoja akaunti ya msajili, mbele yako, mwangalie mahali palipoandikwa mmiliki, barua pepe na tarehe ya kuisha. Panapaswa kuwa na jina la biashara yako, barua pepe ambayo wewe mwenyewe una neno lake la siri, na namba ya simu inayoita mfukoni mwako.